Kipofu Juu ya Ngorongoro

Sehemu ya Saba

"Sioni," alisema rubani Elisaria.

Juma zima wasomaji wamenisimamisha sokoni wakitaka niwaambie kwamba alikuwa anatania. Hakuwa anatania. Yule tumbusi aliyepasua kioo cha mbele alikuwa amelala mapajani mwake, manyoya na damu, na chenga za kioo zilikuwa zimeingia katika macho yote mawili.

Upepo uliingia ndani ya ndege kama mto uliovunja kingo. Kofia ya Felisiani, abiria wa nyuma, ilipaa, ikagonga dari, ikapotelea nyuma. Ndeshi, aliyekaa kiti cha mbele pembeni mwa rubani, alimwona mtu ambaye yeye amemchukia kwa miaka mitatu akigeuza uso huku na huku kama anayetafuta mlango gizani.

"Nani yuko kulia kwangu?" Elisaria alipaza sauti kuushinda upepo.

Ndeshi alikaza mkanda wake.

Wewe unayeanza kusoma leo, nikuweke sawa upesi, maana ndege haitusubiri. Ndeshi ana hoteli ya chai pale Karatu, jirani na stendi. Mumewe, Nikodemu, alikuwa bwana mifugo. Miaka mitatu kabla ya siku hii alipanda ndege ya Elisaria, nayo ikaanguka msituni, kwenye mlima wa Oldeani. Siku ya tatu Elisaria alitokeza kwenye mashamba ya kahawa akitembea, peke yake. Waliokwenda kumtafuta Nikodemu walimkuta ameegemea mti, amekufa, mguu umefungwa vijiti, koti la rubani limefunika mabega yake. Maana yake hakufa ndege ilipoanguka. Aliachwa akiwa hai. Karatu nzima ilisema rubani alimkimbia.

Mvua za mwaka ule wa themanini na tatu zilikuwa zimekata barabara Mto wa Mbu, na abiria wengine watatu walikuwa wamepanda ndege Arusha ili wafike makwao. Ndeshi alikuwa amepanda ili aulize swali. Kabla hajafungua mdomo, tumbusi akafika.

"Nauliza tena. Nani yuko kulia?"

"Mimi," alisema Ndeshi.

"Mama, nisikilize. Mikono yangu mizima, miguu mizima, ndege bado inaruka. Kilichokosekana ni macho, na hayo utanipa wewe."

"Mimi ndege siijui."

"Unajua juu na chini?"

"Najua."

"Kushoto na kulia?"

"Najua."

"Inatosha kwa kuanzia. Mbele yetu kuna saa nyingi. Tafuta ile yenye mchoro wa ndege ndogo na mstari uliopita katikati."

Ndeshi alivua kitambaa cha kichwani, akafuta damu iliyotapakaa kwenye zile saa. Akaiona. "Imeinama," alisema. "Bawa la kushoto liko chini ya mstari."

Mikono ya Elisaria ilisogea taratibu, kama mtu anayemgeuza mgonjwa kitandani. "Sasa?"

"Bado. Bado kidogo. Hapo imelala sawa."

"Ikiinama tena, usingoje nikuulize."

Nje palikuwa peupe tupu. Wingu lilikuwa mbele, nyuma, juu na chini, na usingeweza kusema mbingu iko upande gani.

Ghafla mkono mzito ukamshika Ndeshi bega ukimvuta nyuma. Alikuwa Felisiani, msimamizi wa shamba la kahawa Oldeani, mtu mnene aliyezoea kuamuru vibarua. Alikuwa amefungua mkanda wake na sasa amejipenyeza katikati ya viti.

"Mwanamke anamwongoza kipofu," alisema. "Tutakwisha hapa. Niachieni mimi usukani. Nimeendesha trekta tangu ujana wangu."

Kiwiko chake kikamgonga rubani. Ndege ikazama ubavu mmoja.

Sista Cresensia, muuguzi wa misheni, mwanamke mwembamba asiyemfika Felisiani kifuani, alimkamata mkanda wa suruali kutoka nyuma akamvuta akaketi kama gunia.

"Kaa, Felisiani," alisema. "Trekta ikizimika husimama. Hii ikizimika haisimami."

Felisiani akakaa. Akaanza kulia kimyakimya, mikono imefunika uso.

Abiria wa mwisho, Mzee Metui, hakuwa amesema lolote tangu Arusha. Alikuwa Mmasai wa Ngorongoro aliyetoka kupasuliwa tumbo hospitalini, na alikuwa ameegemeza kichwa kwenye dirisha, shuka lake jekundu limebanwa chini ya mkanda.

"Mama," Elisaria aliita, "upande wako, chini, kuna saa ndogo ya oili. Sindano iko wapi?"

"Inashuka."

"Polepole au haraka?"

"Ninaiona ikishuka."

Ndeshi akaelewa kabla hajaambiwa. Yule tumbusi hakuvunja kioo tu. Alipiga na injini.

"Rudi Manyara," alisema Felisiani kutoka nyuma. "Manyara kuna kiwanja."

"Manyara ni mbali kwa injini inayokauka. Karatu imefunikwa, waliniambia asubuhi kwamba hawaoni hata miti ya mwisho wa kiwanja. Na redio imekufa pamoja na kioo." Elisaria aligeuza uso kulia. Damu ilikuwa inamchirizika mpaka kwenye kola. "Mama uliye kulia kwangu, jina lako nani? Mtu akiwa macho yangu, napenda nimjue."

"Ndeshi."

"Ndeshi wa wapi?"

"Wa Karatu." Kisha, kwa sababu alikuwa amelibeba neno hilo miaka mitatu na halikubebeka tena, akalitua. "Mke wa Nikodemu."

Mikono ya rubani ililegea.

Bawa la kulia likaanza kuzama. Ndeshi aliiona ile ndege ndogo kwenye saa ikipinduka taratibu, mstari ukisimama kama ukuta. Akajua anachopaswa kusema. Hakukisema. Ulimi ulikuwa umelala mdomoni kama jiwe, na moyoni kulikuwa na sauti iliyomwambia: nyamaza hivyo hivyo, Ndeshi, kidogo tu, na huyu atakufa kama alivyokufa mwenzako. Sitamtetea. Niliyoyajua ndiyo ninayowaandikia.

Nyuma yake, kwa utulivu wa wodini, Sista Cresensia alikuwa anauliza, "Mzee, mshono unauma?"

"Kidogo," alijibu Metui.

Maneno hayo madogo yalimwamsha Ndeshi kuliko ambavyo kelele ingemwamsha. Kulikuwa na mtu mwenye mshono. Kulikuwa na mtu aliyeuliza habari za mshono.

"Bawa la kulia," alisema haraka. "Limeinama sana. Lirudishe. Zaidi. Zaidi. Hapo."

Ndege ikatulia. Elisaria alikuwa anahema.

"Nilijua utakuja siku moja," alisema. "Sikujua utakuja siku ambayo siwezi kukutazama."

"Kwa nini ulimwacha?"

"Nitakujibu tukifika chini."

"Nijibu sasa."

"Nikikujibu sasa, mama, sauti yako itabadilika, na kwa sasa sina kingine cha kushika isipokuwa sauti yako. Uniulize tukiwa chini. Nitajibu lote, hata likiwa neno langu la mwisho."

Ndeshi alitaka kumpiga. Akaitazama saa. "Imelala sawa," alisema.

Injini ikakohoa. Ikanyamaza, ikakohoa tena, ikaendelea kwa sauti nyingine, ya chuma kinachosagana na chuma.

Ndipo Mzee Metui aliponyoosha kidole dirishani.

"Pale," alisema. "Kule chini."

Wingu lilikuwa limepasuka kama shuka kuukuu. Kupitia tundu hilo Ndeshi aliona majani mabichi, mbali sana chini, na ziwa linalong'aa kama bati jipya, na vitone vyeusi vilivyotapakaa: nyumbu. Ukingo wote wa Ngorongoro ulikuwa umefunikwa, lakini ndani ya bonde lenyewe, chini ya kifuniko hicho cha wingu, palikuwa wazi na kulikuwa na mwanga.

"Nilizaliwa kule," alisema Metui. "Tulihamishwa, lakini nilizaliwa kule."

Ndeshi alimweleza rubani anachokiona. Elisaria alitikisa kichwa. "Kule ukuta umezunguka pande zote. Tukiingia, injini hii haiwezi kututoa tena."

"Na tusipoingia?" aliuliza Sista Cresensia.

Injini iliendelea kusagana.

"Mzee," Elisaria aliita mwishowe, "pakavu ni wapi?"

"Kando ya ziwa, upande jua linakozamia. Ng'ombe wetu walipita pale na kwato hazikuzama."

"Basi tunakwenda kwenye njia ya ng'ombe. Mama, nipeleke kwenye hilo tundu."

Wakashuka. Ndeshi alisema kulia, akasema kushoto, akasema nyoosha, na kila aliposema, yule mtu alitii kabla neno halijaisha. Hakuwa amewahi kutiiwa hivyo na mtu yeyote. Wingu likawapita pembeni kama moshi wa kuni mbichi, na tundu likawa kubwa, kisha upepo ukalisukuma likaanza kujifunga.

"Linajifunga," alisema.

"Twende tu."

Weupe ukawameza tena. Ndeshi alihesabu pumzi zake, akapoteza hesabu. Halafu mbele yao, karibu kama ukuta wa jikoni unavyokuwa karibu na mpishi, yakatokeza matawi yenye ndevu za kijivu.

"Miti," alisema. "Vuta. Miti iko hapa."

Elisaria akavuta. Kitu kikakwaruza tumbo la ndege kutoka mbele mpaka mkiani, ndege ikatikisika yote, kisha miti ikaishia ghafla na ardhi ikatoweka chini yao. Walikuwa wamevuka ukingo. Walikuwa ndani ya Ngorongoro.

Hapo injini ikafa.

Haikukohoa safari hii. Ilifungwa tu, kama mtu aliyefunga mdomo katikati ya sentensi, na panga la mbele likasimama wima mbele ya kioo kilichovunjika. Ikabaki sauti ya upepo, na sauti ya Sista Cresensia akisali.

"Achana na zile saa sasa," alisema Elisaria, na hakuhitaji tena kupaza sauti sana. "Tazama nje. Niambie yote unayoyaona."

"Naona nyumbu."

"Wako njiani?"

"Wanakimbia. Naona msitu mdogo upande wa kushoto. Naona majani." Akainama mbele. "Kapteni, ziwa limepanda. Pale aliposema mzee pana maji."

Metui alijiinua akachungulia juu ya mabega yao. Alitazama kwa muda. "Haikuwa hivi," alisema polepole, na akaketi.

"Tunaweza kugeuka?" aliuliza Ndeshi.

"Hapana. Ndege isiyo na injini haina chaguo la pili. Tunateremka majini. Mama, nataka unipe urefu. Si futi, futi huzijui. Tukiwa juu ya maji sawasawa na paa la kanisa, sema kanisa. Tukiwa sawa na paa la nyumba, sema nyumba. Tukiwa sawa na meza, sema meza, na ukisema meza, kumbatia magoti."

Maji yalikuwa yanapanda kuwalaki. Ndeshi aliona flamingo wakigeuza vichwa. Aliona povu jeupe la magadi ufukweni.

"Kanisa," alisema.

Pua ya ndege ikainuka kidogo.

"Nyumba."

Ikainuka tena.

"Mlango. Dirisha." Hakuwa ameambiwa aseme hayo, lakini Elisaria aliyapokea yote. "Meza."

Mshindo ulikuwa kama lori kugonga daraja. Ndege iliyakata maji, ikaruka, ikarudi, magurudumu yakakamatwa na tope, na mkia wote ukanyanyuka juu. Flamingo wakapaa kwa maelfu mpaka bonde likawa na rangi nyingine. Kisha kukawa kimya.

Ndeshi alipofumbua macho alikuwa ananing'inia kwenye mkanda, uso kwa uso na maji. Pua ya ndege ilikuwa imezama topeni na mkia ulikuwa juu. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi. Felisiani alikuwa wa kwanza kutoka. Ndeshi alisikia miguu yake ikichapa maji kuelekea nchi kavu, akasema moyoni, huyo amekwenda.

Akakosea. Miguu ilisimama. Ikarudi. Felisiani akaingiza kichwa mlangoni, kamasi na machozi vimemjaa usoni, akasema, "Mzee, panda mgongoni." Akambeba Metui kama mama anavyobeba mtoto, akavuka naye.

Sista Cresensia alikuwa amevunjika mfupa wa bega. Mkono wake wa kulia ulining'inia. Hata hivyo alijiburuta mpaka mbele na kisanduku chake cha dawa. Kwa mkono mmoja akatoa bandeji, akamwonyesha Ndeshi jinsi ya kuyafunika macho ya rubani bila kuyakandamiza, na mikono ya Ndeshi ikaifunga.

"Sasa tumtoe," alisema Ndeshi.

Hawakuweza. Dashibodi ilikuwa imejikunja ikamkalia Elisaria juu ya magoti. Walivuta. Felisiani akarudi, akavuta pia mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Rubani hakupiga kelele; aliuma mkono wa koti lake. Chuma hakikusogea. Na kila walipovuta, pua ya ndege ilididimia kidogo zaidi, na maji yakapanda kidogo zaidi.

"Mzee anavuja damu kwenye mshono," alisema Sista kwa sauti ya chini. "Hawezi kukaa hapa. Anasema msituni kule Lerai huwa kuna kituo cha askari wa hifadhi."

"Nendeni wote watatu," alisema Ndeshi. "Bwana Felisiani ambebe. Mrudi na watu wenye kamba."

"Na wewe?"

"Mimi nipo."

Sista alimtazama, akamwachia kisanduku, akaenda. Ukungu ulikuwa umeanza kuteremka kutoka ukingoni. Haukupita muda ukawafunika wote watatu.

Maji yalikuwa yamefika kiunoni kwa rubani. Yalikuwa ya baridi na yanawasha. Ndeshi alisimama pembeni yake juu ya kiti kilicholala, amemshika chini ya kwapa.

"Nenda na wewe," alisema Elisaria. "Ndege inazama."

"Tuko chini sasa. Uliahidi."

Akavuta pumzi. "Mguu wake ulivunjika hapa, juu ya goti. Niliufunga. Tulikaa usiku wa kwanza, mvua ikatunyeshea. Asubuhi akasema, nenda, tukikaa wawili tutakufa wawili. Nikamwambia siendi. Akasema nenda. Nikakaa chini. Akaokota jiwe akanipiga nalo."

"Jiwe?"

"Begani. Nikadhani amechanganyikiwa. Akaokota jingine. Alinitukana matusi ambayo sikujua mtu mpole kama yule anayajua. Kila niliporudi karibu alinirushia, mpaka nikawa mbali, mawe hayanifikii. Koti nilikuwa nimempa kabla ya mawe, hilo alilikubali. Nilipotea kwenye ule msitu, mama. Nilizunguka. Nilipofika kwenye kahawa na kupata watu, ilikuwa imechelewa. Sikumwambia yeyote habari za mawe. Ningesemaje? Kwamba maiti ndiye aliyenifukuza?"

Ndeshi alimfahamu mumewe. Nikodemu alikuwa mpole kwa ng'ombe, mpole kwa wageni, na mwenye matusi kwa wale aliowapenda wakiwa wakaidi. Mara ngapi alimrushia kiatu, "Lala, mwanamke, usinisubiri na lampu"? Mwongo angesema Nikodemu alimwomba kwa upole. Mwongo asingetunga mawe.

Ndeshi alilia. Miaka mitatu hakuwa amelia hivyo. Alikuwa amekasirika tu. Elisaria alisubiri, uso wake wa bandeji umeelekea sauti ile.

"Na mimi nakwambia alivyoniambia yeye," alisema baadaye. "Nenda. Tukikaa wawili tutakufa wawili."

"Wewe huna mawe," alijibu Ndeshi. "Hapa ni tope tupu."

Maji yakafika kifuani. Ndeshi alijaribu kupiga kelele kuelekea ukunguni. Ukungu ulimeza sauti. Akajaribu kukipinda chuma kwa kipande cha bomba; bomba likapinda. Maji yakafika kwenye kola ya rubani, yakaikosha damu. Akamwinua kichwa kwa mikono yote miwili.

Hapo akasikia gari.

Landrova ilikuwa inakuja kutoka upande ambao siyo wa Lerai. Ilisimama ufukweni, taa zimezimwa. Mbele ilikuwa na winchi, mashine ya kuvutia, na waya uliozungushiwa. Ndeshi alifumba macho, akamshukuru Mungu kwa Kichaga, lugha ya mama yake.

"Wamefika," alimwambia Elisaria. "Askari wamefika na waya."

Alipofumbua macho akawatazama vizuri. Walikuwa wanne. Walikuwa na bunduki, lakini hapakuwa na sare. Gari halikuwa na namba. Nyuma, turubai lilikuwa limefunika vitu, na upepo ulipolinyanyua pembeni akaona ncha ya pembe ya faru, bado ina damu shinani.

Hawakuwa askari.

Mmoja, mwenye koti refu la mvua, aliingia majini bila kuvua buti. Alichungulia ndani ya ndege kama mtu anayechungulia duka. "Tumeiona ikianguka," alisema. "Tunataka sanduku la dawa."

"Lichukueni," alisema Ndeshi. "Lakini mtoeni huyu. Mna waya."

Mtu yule alikuwa anaitazama bandeji iliyozunguka kichwa cha rubani, ilivyofungwa, fundo lake lilivyowekwa pembeni lisikandamize jicho.

"Nani amefunga hiyo?"

Sista Cresensia alikuwa ukunguni, pengine bado karibu, mkono mmoja umevunjika, na mgonjwa mwingine mgongoni mwa Felisiani. Akitajwa, hawa watamfuata. Wakimfuata, watawakuta watu watatu wasio na silaha.

"Mimi," alisema Ndeshi.

"Wewe ni muuguzi?"

Alihisi kichwa cha Elisaria kikikakamaa mikononi mwake. Yeye peke yake, kati ya wote waliokuwa pale, alijua sauti ya Ndeshi ikoje inaposema kweli. Hakusema neno.

"Ndiyo," alisema Ndeshi. "Wa misheni."

"Wako wapi wengine?"

"Hakuna wengine. Mimi na huyu."

Mtu wa koti alimtazama kwa kitambo. "Tuna mgonjwa garini. Faru amemchana. Njoo umwone kwanza."

"Kwanza mtoeni huyu."

"Mama, usinipangie."

"Sikupangii. Mikono hii haitashona mtu huku masikio yanamsikia mwingine anazama. Mkitaka niende sasa, nipigeni risasi, halafu mgonjwa wenu mshone ninyi."

Maji yalikuwa yamegusa mdomo wa Elisaria. Aliinua kidevu, akavuta hewa kwa pua.

Mtu wa koti aligeuka, akanyoosha kidole. Waya ukaburutwa majini, ukafungwa kwenye dashibodi. Winchi ikanguruma. Chuma kikalia, kikanyooka inchi chache, na rubani Elisaria, ambaye hakuwa amepiga kelele angani wala majini, akapiga kelele moja iliyorudi kutoka kuta zote za Ngorongoro. Wakamtoa. Mguu mmoja ulikuwa umekaa vibaya. Wakamlaza kwenye majani, akihema, akiwa hai.

Ndeshi alitaka kukaa karibu naye. Mkono ukamshika kiwiko, ukampeleka nyuma ya Landrova. Turubai likafunuliwa.

Katikati ya pembe alilala kijana, rangi ya majivu, ameshika tumbo lake kwa mikono yote miwili kama anayezuia kitu kisimwagike. Damu ilikuwa imejaa sakafuni mwa gari. Aliinua macho.

"Dada," alisema, "ni kubwa?"

Ndeshi hakuwahi kushona chochote isipokuwa mapazia ya hoteli yake.

Mtu wa koti la mvua alimwinamia sikioni, na sauti yake haikuwa na hasira yoyote. "Huyu ni mdogo wangu, tumbo moja. Akifa, rubani wako tunamrudisha tulikomtoa."

Ndeshi alifungua kisanduku cha Sista Cresensia. Akatafuta sindano, akaipata. Akatafuta uzi.

"Kubwa kidogo," alimwambia kijana. "Toa mikono nione."